Maji Yaliyoitwa ya Bure: Jinsi Bahari ya Aral Ilivyokauka

Mhadhara kwa wakulima na wanafunzi, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja.

Kabla sijasema lolote, naomba sufuria hii ipite mkono kwa mkono. Jana jioni niliijaza maji, nikatia kiganja cha chumvi, nikaiacha jikoni ichemke mpaka maji yakaisha. Pitisheni kidole pembeni. Shikeni huo ukoko mweupe, tutaurudia.

Kati ya Kazakhstan na Uzbekistan kulikuwa na ziwa kubwa kiasi kwamba watu waliliita bahari: Bahari ya Aral. Mwaka 1960 eneo lake lilikuwa kama kilomita za mraba 68,000. Aliyewahi kusimama Mwanza akalitazama Ziwa Victoria anaweza kupata picha, maana yalikaribiana sana kwa ukubwa. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa Aral walikuwa wakitoa zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka.

Ila Victoria ina Nile ya kutolea maji. Aral haikuwa na mlango, kama Ziwa Manyara letu hapo ng'ambo ya Arusha. Maji yaliingia kwa mto na kutoka kwa jua. Jua la kule hunywa karibu mita moja ya maji kwa mwaka, na mvua ya jangwani hairudishi hata robo yake. Kilichoiweka hai ni mito miwili, Amu Darya na Syr Darya, inayoshuka kutoka milima ya theluji ya Pamir na Tian Shan. Sisi tuliokua chini ya Kibo tunajua maana ya kulishwa na mlima, ingawa kwetu msitu ndio unaolisha mito zaidi kuliko barafu.

Umoja wa Kisovyeti ulitaka pamba. Mwaka 1954 ukaanza kuchimba mfereji wa Karakum, uliokuja kufika zaidi ya kilomita 1,300, kuchota maji ya Amu Darya na kuyapeleka Turkmenistan. Ulipita kwenye mchanga mtupu bila kusakafiwa. Maji mengi yalinywewa na ardhi kabla hayajaona shina la pamba. Mifereji mingine ikafuata, mashamba yakaongezeka, na mito ikafika baharini ikiwa imenyauka. Kuna miaka Amu Darya haikufika kabisa.

Linaloniuma ni kwamba wapangaji walijua. Hawakushtukizwa. Walipiga hesabu wakaona maji yanayoingia baharini yanapotea bure, na kwamba pamba ina thamani kuliko samaki. Bahari ilihukumiwa mezani, kwa kalamu.

Sasa rudini kwenye sufuria. Jua huchukua maji, chumvi huiacha. Mwaka 1960 lita moja ya Aral ilikuwa na gramu 10 hivi za chumvi. Baadaye, upande wa kusini, zilipita 100. Samaki wa asili walikufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ulikwisha. Kuna mji unaitwa Moynaq, uliokuwa bandari. Maji yalipoanza kurudi nyuma, watu wake walichimba njia ili meli zifikie maji. Wakachimba tena, yakazidi kwenda. Kiwanda cha kusindika samaki kikaletewa samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali ili wafanyakazi wasikose kazi. Meli bado zimelala mchangani, zina kutu.

Sakafu iliyobaki wazi ni jangwa jipya, Aralkum. Upepo huinua humo vumbi la chumvi pamoja na mabaki ya dawa za mashambani, ukalimwaga juu ya nyumba, visima na vifua vya watu. Hata hali ya hewa ilibadilika: baridi ikawa kali zaidi, kiangazi kikachoma zaidi, kwa sababu maji mengi yaliyokuwa yakituliza joto na baridi hayapo. Mwaka 2014 sehemu ya mashariki ya bahari ya kusini ilikauka yote.

Kaskazini mambo ni tofauti. Mwaka 2005 Kazakhstan, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilikamilisha bwawa la Kokaral kuzuia maji ya Syr Darya yasimwagikie kusini. Maji yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi na wavuvi wakarudi. Ni kipande kidogo tu cha bahari ile, na kusini ilibaki na kiu yake.

Nyumbani kwetu Kibosho zamu yetu ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia migomba, ilikuwa Jumanne. Nikiwa na miaka kumi nilitumwa kwenda kufunga maji saa kumi, kwa udongo na magome ya mgomba. Nikacheza. Nilipokumbuka, jirani wa chini alikuwa amesimama pale kwenye mlango wa mfongo na jembe begani, kimya. Hakunigombeza. Aliniangalia tu nikiweka udongo, mpaka maji yakageukia kwake. Migomba yetu ilikuwa imesimama kwenye tope, yake ilikuwa imekunja majani.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mabogini, anayelima mpunga, aliniuliza: maji yakishuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu yanamsaidia nani? Swali zuri. Bwawa lile lina mto unaotoka, Pangani, halitageuka Aral. Lakini mito inayoliingia, Kikuletwa na Ruvu, ikifika imechoka, mvuvi wa bwawani atavuta wavu mtupu, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani itakosa nguvu, na kule mdomoni mwa mto maji ya chumvi yatapanda kuingia bara. Wale ndio jirani zetu wa chini, kijana wangu, na wao hawana njia ya kupanda mpaka Mabogini wakasimama na jembe begani.