Dozi Isiyoua: Antibiotiki na Jeni za Sumu Ndani ya Utando wa Bakteria

Shikamooni walimu wangu. Wenzangu wa maabara, habari za asubuhi.

Tumezoea kuuliza kama dawa imeua au haijaua. Leo tuitazame dozi isiyofika hapo: nusu au robo ya MIC, kile kiwango cha chini kinachozuia ukuaji. Bakteria aliyejificha ndani ya utando (biofilm, tabaka la bakteria walioshikamana juu ya kitu), kwenye mpira wa mkojo au chuma cha kuungia mfupa, hukutana nayo mara nyingi, maana dawa inaweza kumfikia ikiwa imepungua. Hafi, lakini jeni zake zinaitikia.

Chukueni Staphylococcus aureus. Oksasilini kidogo, dawa ya kundi la beta-laktamu kama penisilini, huusumbua ukuta wa seli, mfumo wa SaeRS unaohisi mazingira na kuwasha jeni za sumu unaamka, na jeni ya hla, yenye maelekezo ya sumu-alfa, inapanda. Tena beta-laktamu huongeza kazi ya Atl, kimeng'enya kinachopasua baadhi ya seli. DNA inayomwagika inazishikamanisha zilizobaki, utando unanenepa. Klindamaisini ni kinyume: inazuia ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, sumu inapungua. Hapa ndipo wengi huteleza. mRNA ya hla, yaani nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, inaweza kubaki juu ilhali protini haitengenezwi, na anayepima mRNA pekee ataandika kuwa dawa haikufanya kitu. Pimeni sumu yenyewe, hata kwa kuangalia kama majimaji ya kuoteshea yanapasua chembe nyekundu za damu ya sungura.

Kupima utando ni rahisi. Tafuta MIC kwanza, kwa supu ileile utakayotumia: TSB (supu ya soya ya kuoteshea bakteria) yenye glukosi asilimia 0.5. Weka mikrolita 200 za supu yenye bakteria na dawa kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, nyuzi 37, saa 24. Visima vya pembezoni jaza maji safi tu, kwa kuwa hukauka haraka na kudanganya. Osha mara tatu taratibu, kausha nyuzi 60 kwa saa moja, tia kristali violeti asilimia 0.1 kwa dakika 15, suuza, yeyusha rangi kwa asidi ya asetiki asilimia 33, kisha soma ukolezi wa rangi. Rangi hii hushika maiti na walio hai sawasawa, kwa hiyo sahani ya pili iwe ya kuhesabu makoloni.

RNA ndiyo yenye kero. mRNA ya bakteria huishi dakika chache: mimina kihifadhi kabla ya kukwangua utando. Kupasua ukuta wa seli, kimeng'enya cha laisozimu hakitoshi kwa staphylococcus, tumia laisostafini. Utando umejaa DNA, basi DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, iwe mara mbili, na daima uwepo mrija usio na kimeng'enya cha kunakili RNA, uonyeshe kama DNA imebaki. Jeni ya kulinganishia ikiwa gyrB, yenye maelekezo ya sehemu ya kimeng'enya cha jairesi, sawa, ila si kwa siprofloksasini, inayolenga jairesi yenyewe. Na mfumo wa agr, unaowasha hla na jeni nyingine za sumu, hupanda idadi ya seli inapoongezeka: dawa ikichelewesha ukuaji, hla itaonekana imeshuka kumbe seli hazijafika tu. Kwa seli zinazoelea, linganisheni kwenye OD (kipimo cha ukungu wa supu) ileile, si saa ileile.

Kwa wodini, ndiyo sababu ugonjwa unaoletwa na sumu za bakteria hupewa klindamaisini pamoja na beta-laktamu. Kabla ya kuitegemea, maabara ifanye kipimo cha D kwenye sahani iliyopandwa bakteria huyo: kidonge cha karatasi cha erithromaisini mikrogramu 15 na cha klindamaisini mikrogramu 2, viachane milimita 15 hadi 26. Duara lisiloota bakteria la klindamaisini likibonyea upande wa erithromaisini, ripotini kuwa ni sugu kwa klindamaisini.