Saluni ya Kifahari: Isukumwe kwa Nyuma au Ivutwe kwa Mbele?

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunajadili swali ambalo wanunuzi wengi wa saluni za kifahari, yaani magari madogo yenye buti, hulikumbuka wakiwa wameshalipa: nguvu ya injini inapelekwa kwenye magurudumu ya mbele au ya nyuma? Kaka Juma, wewe unashikilia kwamba gari la kifahari lisukumwe kutoka nyuma. Tueleze sababu.

JUMA: Ahsante, dada Zuhura. Sababu ya kwanza ni mgawanyo wa kazi. Tairi lina kiasi maalumu cha kushika barabara, na kiasi hicho hutumika kukata kona, kufunga breki na kuliendesha gari. Magurudumu ya mbele yakibeba uzito wa injini, yakakata kona, yakapokea sehemu kubwa ya breki, kisha yakatakiwa kulivuta gari zima, dereva huusikia mzigo huo mikononi kupitia usukani. Isitoshe, gari linapoongeza mwendo uzito wake huegemea nyuma, kwa hiyo matairi ya nyuma hukandamizwa barabarani wakati uleule yanapotakiwa kusukuma, ilhali ya mbele hupungukiwa na mshiko.

ZUHURA: Hoja hiyo naikubali, ila uzito wake huonekana pale nguvu inapokuwa nyingi. Katika injini ya wastani, abiria aliyekaa kiti cha nyuma hatambui tofauti yoyote ya mshiko. Anachokitambua ni nafasi ya miguu. Katika gari linalovutwa kwa mbele, injini ikilazwa kwa upana pamoja na giaboksi yake, mitambo yote hukaa chini ya boneti, wala hakuna propela, yaani mhimili mrefu wa kupeleka nguvu nyuma, inayohitaji njia katikati ya sakafu. Wenye saluni hizi mara nyingi huendeshwa na madereva, na mimi naona ni haki tuanze na starehe ya anayeendeshwa.

JUMA: Kwa hoja hiyo hiyo tuwaangalie Cadillac wa Marekani. Bei ya mafuta ilipanda katika miaka ya 1970, na mwaka 1975 ikapitishwa sheria iliyoweka viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari, hivyo kampuni ikalazimika kupunguza ukubwa wa magari yake. DeVille ya modeli ya 1985 ilitoka ikiwa fupi kwa zaidi ya nusu mita kuliko iliyoitangulia, injini yake ya V8, yaani yenye silinda nane, imelazwa kwa upana na kuzungusha magurudumu ya mbele. Kwa upande wa nafasi, hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Shida ilikuja nguvu zilipoongezeka, kwa maana katika miaka ya 1990 saluni yao nyingine, Seville STS, ilipewa V8 iitwayo Northstar yenye nguvu za farasi karibu 300, na zote zilipitia magurudumu yaleyale yaliyokuwa yakikata kona. Cadillac walipoamua kushindana na BMW kwa dhati, walileta CTS ya modeli ya 2003, inayosukumwa kutoka nyuma, na waliipeleka kuijaribu kwenye njia ya mbio za magari ya Nürburgring, huko kwa Wajerumani wenyewe.

ZUHURA: Toyota hawakujifunga upande mmoja, na mimi nawasifu kwa hilo. Walipoanzisha Lexus, chapa yao ya kifahari, mwaka 1989 walitoa magari mawili: LS 400 yenye V8 ya lita 4, iliyosukumwa kutoka nyuma, na ES 250, iliyojengwa juu ya msingi wa Camry na kuvutwa kutoka mbele. Miaka mingi baadaye, saluni yao ya wapenda kuendesha, yaani GS ya magurudumu ya nyuma, ilikomeshwa mwaka 2020, nayo ES ikaendelea. Wanunuzi walichagua nafasi na utulivu.

JUMA: Wanunuzi walichagua pia bei, dada. Tena liko jambo ambalo halitajwi sana: injini iliyokaa kwa urefu huyaachia magurudumu ya mbele nafasi ya kukunja zaidi, kwa hiyo Mercedes-Benz ndefu inaweza kugeuka mahali pembamba ambapo gari fupi linalovutwa kwa mbele hulazimika kurudi nyuma kwanza. Dereva wa Kariakoo ataniunga mkono.

ZUHURA: Na dereva wa barabara ya udongo ulioloana ataniunga mkono mimi, kwa sababu uzito wa injini ukikaa juu ya magurudumu yanayovuta, gari huondoka pale ambapo Toyota Mark X ya magurudumu ya nyuma huanza kupiga mkia.

JUMA: Kwenye tambarare, sawa. Weka abiria watatu nyuma, jaza buti, kisha panda mlima mkali. Uzito mwingi utahamia nyuma, na magurudumu ya mbele yatazunguka bure.

ZUHURA: Hilo nalikubali bila ubishi. Nadhani hata hivyo magari ya umeme yanaufuta mzozo huu, kwani mota ndogo hukaa kwenye ekseli ya nyuma yenyewe, kama ilivyo katika BMW i4, na propela haihitajiki tena. Msukumo wa nyuma unabaki, na sakafu haihitaji njia ya propela.

JUMA: Ndiyo, lakini wasikilizaji wetu wengi bado wananunua magari yaliyotumika, na Mark X iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2019 ni mojawapo wanayoipenda sana. Anayeikagua amwombe fundi aiinue, atazame maungio ya propela, beringi yake ya katikati na uvujaji wa mafuta kwenye difu, yaani sanduku la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, kisha aijaribu barabarani akisikiliza mtetemo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi.

ZUHURA: Na anayenunua inayovutwa kwa mbele akunje usukani hadi mwisho, upande mmoja kisha wa pili, aondoke polepole huku vioo vikiwa wazi. Akisikia mlio wa kugongagonga kutoka gurudumu la mbele, maungio ya ekseli yamekwisha, na gharama ya kuyabadilisha ipunguzwe kwenye bei kabla hajatoa fedha.