Mamba na Mmamba: Mhadhara wa Mchonga Fimbo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mtaniwia radhi, nitazungumza nikiwa nimekaa. Miguu hii imeshasimama sana pale Mwenge kwenye vinyago, na baada ya maneno tuna kazi ya mikono huko nje.

Nimekuja na fimbo moja. Naipitisha, kila mtu aishike. Usianze na kichwa, anza na uzito. Umeusikia? Huo ni mpingo, ukiutupa majini unazama kama jiwe. Sasa geuza uangalie kichwa. Mamba. Macho yamekaa juu, pua imeinuka kidogo, na lile jino la nne la taya la chini linaonekana hata akiwa amefumba mdomo, kama alivyo mamba wa kweli. Nilimchonga siku nne. Na nasema mbele ya wazee: hiyo ndiyo kazi iliyonitia aibu kuliko zote nilizowahi kuchonga. Kisa chake kinakuja, ngojeni izunguke.

Wateja wetu wana swali moja lisiloisha: "Hii ina maana gani?" Na sisi wachongaji tumejifunza kujibu upesi, kama muuza karanga anavyotaja bei. Simba ni nguvu. Tembo ni busara. Kobe, maisha marefu. Twiga, kuona mbali. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia mgeni kwamba pundamilia ni ndoa njema, nyeusi na nyeupe zimekaa ngozi moja bila kugombana. Niliitunga palepale. Akaongeza pesa. (Vicheko.) Mnacheka, lakini yule bwana amekwenda nayo kwao, anawasimulia wajukuu kwamba Waafrika wanaamini hivyo.

Jambo lililonileta ni hilo. Kichwa cha mnyama nakichonga mimi. Maana yake siichongi mimi, na nikijifanya naichonga nadanganya.

Chukua bundi. Mchonge vizuri, mpe macho ya duara, kisha umpelekee baba mkwe. Uone kama utakaribishwa chai. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanahesabu wagonjwa wa mtaani. Mzungu naye bundi huyohuyo ni msomi, anamweka juu ya kabati la vitabu. Mti ni mmoja, patasi ni moja. Au kinyonga. Wakamba wanasimulia, na Wazulu kule kusini wanasimulia, kila mtu kwa namna yake, kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa kuwaletea binadamu habari kwamba hawatakufa. Akaenda mwendo wake ule, mguu mmoja unafikiri, mguu mwingine unasubiri. Mwenzake akampita njiani na habari ya kifo. Mimi sikulijua hilo nilipomchongea jirani yangu mstaafu bakora yenye kinyonga, mkia umejikunja ndio mpini. Nzuri ajabu. Mkewe alipoiona akasema, "Baba fulani, hiyo ikilala ndani, mimi nalala kwa dada." Bakora ikaishia barazani, mpaka leo wanaitumia kufungia geti.

Sasa twende mbali kidogo. Huko Ghana, kwa Waasante, yupo mtu anaitwa okyeame, msemaji wa mfalme. Anashika fimbo ndefu, juu yake pana umbo lililochongwa na kuvikwa dhahabu, na umbo lile ni methali. Ukiona kuku jike na jogoo, ujue wanasema: kuku naye anajua kumekucha, ila anamwachia jogoo awike. Ukiona mkono umeshika yai: utawala ni kama yai, ukiubana unapasuka, ukiulegeza unadondoka. Msemaji akitokea na fimbo fulani, watu wameshasoma ujumbe kabla hajafungua kinywa. Lakini angalieni nani kafanya nini. Fundi hakutunga ile methali. Ilikuwepo vinywani mwa bibi na babu, yeye akaitafutia umbo. Ungempelekea okyeame pundamilia wangu wa ndoa njema angekuuliza, "Huyu anasema nini?" nawe ungeangalia viatu.

Karibu zaidi, Nandi, Kenya. Orkoiyot wao, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliuawa Oktoba 1905 na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwenye mkutano alioitiwa kama wa suluhu. Fimbo zake zikachukuliwa, zikapelekwa Uingereza. Zimerudi mwaka 2006. Miaka mia moja! Jiulize wale wazee walikuwa wanangoja nini. Kama ni miti, Nandi ina misitu. Kama ni mafundi, wapo. Wangeweza kuchongesha nyingine tatu kwa wiki moja.

Na kifimbo cha Mwalimu Nyerere, mnakikumbuka? Kijiti chembamba tu, ukikikuta njiani ungechokonolea moto. Lakini wazee hapa mnayajua yaliyosemwa juu ya kijiti kile, na mimi sitayarudia maana kipaza sauti kimewashwa. (Vicheko.) Hata Nabii Musa, alipoulizwa ameshika nini mkononi, alijibu kichungaji kabisa: ni fimbo yangu, naiegemea, nawaangushia mbuzi majani. Nyoka alikuja baadaye, na hakuja kwa patasi.

Sitaki mniambie basi biashara ni dhambi. Karne ya 19 huko Natal mafundi, wengi inasemekana walikuwa Watsonga, walichonga fimbo za nyani na nyoka wa kujiviringisha, wakawauzia askari na wasafiri wa Kiingereza. Kazi za mikono ya mabingwa, leo zimo makumbusho. Watu wakasimama mbele ya kioo wanatafuta siri za mizimu, kumbe siri kubwa ilikuwa mfukoni mwa askari aliyetaka kitu cha kupeleka nyumbani. Uza. Ila usitunge dini ya watu wengine kwa ajili ya noti.

Haya, mamba wangu amefika wapi? Safu ya nyuma. Vizuri.

Miaka kadhaa nyuma nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Kampala, mwanawe alikuwa akija kufuata mizigo Kariakoo. Akasema: "Fundi, mimi ni mtu wa mmamba. Nichongee fimbo yenye mmamba." Simu ilikuwa inakatikakatika, lakini hata isingekatika, mimi masikio yangu ni ya Kiswahili, yangesikia mamba tu. Nikachonga. Mwanawe akaichukua. Baada ya wiki mbili ikarudi, imefungwa kwenye gazeti lilelile. Mzee akapiga tena, sauti ya upole sana, ile inayouma: "Fundi, mkono wako ni mzuri. Lakini huyu mimi simjui."

Ndipo nikafundishwa. Waganda, yaani watu wa Buganda kule Uganda, wana koo zaidi ya 50, na kila ukoo una muziro wake, mara nyingi mnyama, ambaye watu wa ukoo ule hawamli. Ngo ni chui. Njovu ni tembo. Nkima ni tumbili. Na mmamba si mamba wetu hata kidogo: ni samaki, yule ambaye kanda ya ziwa anaitwa kamongo. Samaki anayepanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, na maji yakikauka anajifukia kwenye tope akangoja mvua. Mzee alikuwa ameniomba nimchongee ndugu yake, nami nikampelekea mla watu.

Nikaomba nafasi ya pili. Nikachora samaki mwenye ndevu, kwa sababu nilidhani ni jamaa ya kambare. Bahati nikawa na safari ya Mwanza, nikapita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nikamwonyesha mama mmoja muuza samaki mchoro wangu. Akaushika kwa vidole viwili. "Baba, huyu ni kambare. Kamongo ana ndevu wapi?" Akafunua kiroba. Kichwa kipana kimelala, vijicho vidogo, na pale ambapo ungetarajia mapezi pana nyuzi: mbili mbele, mbili nyuma, kama kamba za viatu. Nikasimama pale na penseli mpaka yule mama akaniambia ama ninunue ama nipishe wateja.

Sasa hapa vijana nisikilizeni, maana ndipo ufundi ulipo. Fimbo hufia shingoni. Mti una nyuzi zinazopanda kuelekea juu. Ukichukua kipande kilichonyooka ukachonga kichwa kimelala kama mpini, pale kwenye shingo umezikata zile nyuzi kwa kukingama, zimebaki fupifupi. Mzee wa kilo 80 akiegemea, kah! Na wewe umemwangusha mtu mzima. Njia ni mbili. Ama kichwa kiangalie juu, nyuzi zipande mpaka puani. Ama utafute mti uliojipinda wenyewe, panda au mzizi, uufuate unavyotaka. Zile zenye skrubu katikati ili ziingie kwenye sanduku la ndege ni za kutundika ukutani, msimpe mgonjwa wa goti.

Kwa kamongo nilihangaika na gogo. Mpingo hauna tabia ya kunyooka, unajisokota, una mashimo moyoni, unapasua matatu upate futi tatu zinazofaa. Nikapata moja lenye kona upande mmoja. Nikaanza kwa shoka, nikaja tezo, halafu bobari, ile patasi ya mdomo wa duara, kwenye mashavu, tupa, msasa mkubwa, msasa mdogo. Zile nyuzi za samaki zikanishinda kichwa: ukizisimamisha nje, zitakatika siku ya kwanza kwenye daladala. Mwishowe nikazilaza juu ya mti wenyewe, zikateremka zikizunguka shingo kama mishipa ya mkono wa mtu mzima. Shingo ikanenepa kidogo, ikapata nguvu. Urefu nikaupima kwa mwanawe, maana wamelingana: asimame na viatu vyake, mkono uning'inie, ncha ya juu ifike kwenye fundo la kiganja. Nikamaliza kwa nta. Sipaki kiwi. Anayepaka kiwi nyeusi ana mti wa kuficha.

Ikaenda Kampala. Siku tano kimya. Kisha simu ya mzee. Hakuniuliza maana, hakusifu macho wala msasa. Alisema, "Ndiye." Akakata, nadhani salio liliisha.

Ndiyo, kijana, uliza. ... Anauliza, huyu mamba aliyerudi, kwa nini sijamuuza? Nilijaribu. Mgeni mmoja alimpenda, akauliza lile swali letu. Nikamjibu: maana yake ni kwamba herufi moja ilinipotea kwenye simu. Akacheka sana, akatoa pesa yote niliyotaja. Lakini kabla sijamfungia, mama yangu mzazi alikuwa amefika kwa matibabu ya goti, alikuwa amekaa pale kibandani, akainuka, akaichukua ile fimbo kwenda nayo msalani. Aliporudi hakuirudisha mezani.

Nikamrudishia mgeni pesa yake. Mwaka wa tatu huu mama anatembea nayo. Kichwa kimeng'aa kuliko nilivyoking'arisha mimi, lile jino la nne limelika kwa kidole gumba chake. Watoto wa mtaani hawaigusi, wamekubaliana wenyewe kwamba inauma, na yeye hajawakatalia. Nimeiazima kwa ajili yenu mpaka saa kumi.

Kwa hiyo safu ya nyuma, tafadhalini, ipitisheni mbele. Magogo yako chini ya mwembe, tezo ziko kwenye gunia.