Daraja la Minyororo la Budapest, kwa macho ya mtu wa Kigongo

Wazee wangu wa Mwanza, Misungwi na Sengerema, shikamooni. Na ninyi wa rika langu mlioko huko ziwani, mwangaluka. Nyuma yangu mnaliona Daraja la Minyororo, ambalo Wahungari huliita Lánchíd, na maji yanayopita chini yake ni ya mto Danube. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi, linalovuka Ziwa Victoria huko kwetu Mwanza, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, wengi wenu mmekuwa mkiniomba niwaonyeshe madaraja ya hapa Budapest. Nimeanza na hili kwa sababu historia yake inaanzia mahali mnapopafahamu vizuri: mtu yupo ukingoni mwa maji, ana msiba, na njia ya kuvuka haipo.

Mwezi Desemba 1820, István Széchenyi, ofisa kijana wa jeshi la farasi na mtoto wa ukoo mkubwa wa makabaila, alipata habari kwamba baba yake amefariki mjini Vienna. Alifunga safari kwenda mazishini, akafika hapa, akakwama. Wakati huo Buda, ule upande wenye kilima, na Pest, upande huu niliposimama, ilikuwa miji miwili mbalimbali. Katika miezi ya joto watu walivuka juu ya daraja lililoegemea mashua zilizofungwa pamoja, lakini majira ya baridi yalipoingia daraja hilo liliondolewa ili lisivunjwe na barafu. Mto ukiganda sawasawa, watu walitembea juu yake. Barafu ikiwa imekatika vipande na kuchukuliwa na mkondo, hapakuwa na mtu wa kuvuka, awe tajiri au maskini. Széchenyi alisubiri karibu wiki nzima, na katika shajara yake aliandika kwamba yuko tayari kutoa mapato yake ya mwaka mzima ili daraja lijengwe kati ya Buda na Pest.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Kigongo, jeneza likiwa ndani ya gari na ndugu wakilitazama pantoni likiwa bado upande wa Busisi, au aliyewahi kumsindikiza mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Bugando usiku, hahitaji kuelezwa zaidi maneno yale yalitoka wapi.

Kutoka shajara hadi daraja ilichukua takriban miaka thelathini, na sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa ya kihandisi. Kwa sheria za kale za Hungaria makabaila hawakulipa kodi wala ushuru wa kuvuka. Mkulima aliyebeba kuku wake kwenda sokoni alilipa, na mwenye mashamba aliyepanda gari la farasi akapita bure. Széchenyi, ambaye naye alikuwa miongoni mwa waliosamehewa, alishikilia kwamba katika daraja jipya kila mtu alipe. Mwaka 1836 bunge lao lilipitisha sheria iliyoruhusu ujenzi na kuweka tozo hiyo kwa wote, jambo ambalo baadhi ya makabaila waliliona ni fedheha kubwa. Mimi naliheshimu daraja hili kwa sheria hiyo kuliko kwa mawe yake, kwa sababu mtu aliyeumia ukingoni alikuwa na uwezo wa kujitafutia njia yake peke yake, lakini alichagua njia ambayo yeye na mkulima wangeipita kwa masharti yaleyale.

Mchoro ulitoka kwa Mwingereza William Tierney Clark, na msimamizi wa kazi alikuwa Mskoti Adam Clark. Majina yao yanafanana, lakini hawakuwa ndugu. Fedha nyingi zilipatikana kupitia Georgios Sinas, mwenye benki wa Vienna. Kazi ilianza mwaka 1839. Ili kujenga misingi ya hizi nguzo mbili katikati ya mto, magogo marefu yalikitwa chini hadi yakawa ukuta uliofunga pande zote, maji yakapampiwa nje, na mafundi wakashuka kujenga mawe kwenye sakafu ya mto, huku kila mwaka barafu ikija kuupima ule ukuta.

Naisogeza kamera ili muone mnyororo wenyewe. Msitafute pete kama za mnyororo wa nanga. Hizi ni bapa ndefu za chuma zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja ina tundu mwishoni, na pini moja nene imepitishwa katika matundu yote ili kuunganisha fungu hili na linalofuata. Minyororo ya kwanza ilitengenezwa Uingereza. Hii mnayoiona ni ya chuma cha pua imara zaidi kuliko ile, iliyowekwa wakati daraja lilipoimarishwa kati ya mwaka 1913 na 1915. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita 202, na urefu wote unakaribia mita 380.

Julai 1848, wakati wa kupandisha sehemu ya mwisho ya minyororo, vifaa vya kunyanyulia vilikatika na mzigo ukaangukia jukwaa la mafundi. Széchenyi mwenyewe alikuwepo, akatumbukia mtoni pamoja na wengine, akaogelea hadi akaokoka. Mwaka uliofuata, katikati ya vita vya Wahungari kutaka kujitoa katika utawala wa Austria, ofisa wa jeshi la Austria alijaribu kulilipua daraja, na mlipuko ukamuua yeye, daraja likabaki. Lilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1849, na aliyelifungua alikuwa Haynau, jenerali wa jeshi lililowashinda Wahungari. Széchenyi hakuwepo. Alikuwa amelazwa Döbling, karibu na Vienna, kwa maradhi ya akili, akafia huko mwaka 1860 bila kulivuka daraja lililokamilika. Jambo hilo huniuma kila ninapopita hapa.

Simba hawa wa mawe waliongezwa mwaka 1852. Watu husimulia kwamba mchongaji alisahau kuwachongea ndimi akajitosa mtoni kwa aibu. Si kweli, ndimi zipo, ila huzioni ukiwa chini. Miji miwili iliunganishwa kuwa Budapest mwaka 1873. Tarehe 18 Januari 1945 majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalililipua daraja, minyororo ikaanguka mtoni, zikabaki nguzo. Wahungari walilijenga upya, wakalifungua tarehe 20 Novemba 1949, miaka 100 kamili tangu lilipofunguliwa mara ya kwanza.

Daraja letu la Kigongo–Busisi lina urefu wa takriban kilomita 3, na jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 2019. Vipimo vyake, gharama zake na majina ya wakandarasi vimeshahifadhiwa serikalini. Lakini mtoto wa shule hapa Budapest anajua kwa nini daraja lilijengwa kwa sababu mtu mmoja aliyesubiri aliandika, na sisi tulisubiri wengi kuliko Széchenyi. Nawaomba waliouza samaki na mahindi ya kuchoma kwenye foleni, waliofanya kazi ndani ya vivuko vya MV Misungwi na MV Sengerema, madereva wa malori ya Geita, na wale waliochelewa mazishi, mnitumie sauti zenu. Semeni kijiji, mwaka, mlikuwa mnakwenda wapi na mlisubiri muda gani. Mzee akipenda kusimulia kwa Kisukuma, mwacheni asimulie hivyo hivyo. Nitaiandika mwenyewe neno kwa neno, na nitawarudishia nakala muisome kabla sijaiweka popote.