Kuuza bidhaa za kampuni kwenye meza ya sokoni: njoo tufungue meza pamoja, Tandika

Mambo vipi wapendwa, karibuni tena. Leo hatupo sebuleni kwangu, tupo Tandika sokoni, hapa Dar, Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi. Kelele hizo ni za makonda wa daladala, mtazizoea. Mmeniuliza sana ninavyouza bidhaa za biashara ya mtandao, yaani za kampuni unayojiunga nayo ukauze mwenyewe mkono kwa mkono, hapa katikati ya mitumba na vyombo, badala ya kushinda natuma picha kwenye magrupu ya WhatsApp. Naipenda hii meza kuliko grupu lolote. Hapa mtu anashika, ananusa, anapaka, ananiuliza maswali usoni.

Kabla ya meza, mkataba. Fungua ule uliosaini siku unajiunga, tafuta kipengele cha mahali pa kuuzia. Kampuni nyingi za aina hii haziruhusu bidhaa zikae kwenye rafu za duka la kudumu. Magulio na maonesho wengine wanaruhusu, wengine mpaka uombe. Omba kwa maandishi, jibu lihifadhi kwenye simu. Bango lako liseme wewe ni msambazaji wa kujitegemea, usijiandike kama tawi la kampuni. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kiwe shingoni. Ushuru lipa, risiti tunza. Twende.

Meza: kreti mbili, ubao, kitambaa. Mnaona. Tandika kitambaa cha rangi moja, maua yanaficha bidhaa. Basi.

Turubai. Hapa naomba mtulie, msirukishe video. Tazameni juu: langu jeupe. Sasa nageuza kamera, kulia bluu, kushoto bluu, hadi kule kwenye viazi bluu. Kwa muuza nguo ni sawa kabisa, kwa muuza vipodozi ni hatari, kwa sababu mwanga unaopita kwenye turubai la bluu unashuka na ubluu wake. Ngoja niende kwa Mama Zai hapa. Mama Zai, hodi, naazima kivuli chako. Angalieni mkono wangu: umekuwa wa kijivu, si ndiyo? Narudi kwangu: mkono umerudi kahawia. Mtu akichagua faundesheni au lipstiki chini ya bluu, ataiona nyingine akifika nyumbani. Jumamosi ijayo anarudi na kopo mkononi, na shosti zake watatu nyuma yake. Kwa hiyo turubai jeupe. Kama huna, kushona mashuka mawili meupe kunatosha mpaka upate.

Jua pia. Mgongo wa meza uelekee magharibi, maana jua linalopiga kuanzia saa nane linatoka huko. Soma lebo zako: vipodozi vingi vinataka vikae chini ya nyuzi 30, vingine 25. Miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, Dar mchana inapita 30 bila shida. Mimi lipstiki na krimu nazilaza kwenye boksi la barafu. Chupa ya maji yaliyoganda chini, taulo nene katikati, bidhaa juu. Barafu isiguse bidhaa. Mezani naweka testa, zile za wateja kujaribu, na maboksi matupu, mzigo wenyewe unabaki kwenye boksi.

Ona, upepo! Shika, shika kamba hiyo kaka... asante. Samahani wapendwa, simu imelala chali, mmeona anga la Temeke bure. Hii ndiyo sababu kila nguzo naifunga kwenye ndoo ya mchanga. Nguzo hiyo moja ndoo yake ilikuwa bado njiani. Tuendelee.

Testa. Kila ninachouza kina kimoja cha kujaribu, na nakihesabu kama gharama ya biashara. Geuza kopo uangalie alama ndogo ya kopo lililofunguka mfuniko. Ndani yake au pembeni kuna 6M au 12M, maana yake miezi ya kutumia tangu kufunguliwa. Siku unafungua testa andika tarehe chini kwa kalamu ya kudumu. Vijiti vya pamba huku, pakacha la takataka kule. Kijiti kikigusa ngozi hakirudi kwenye kopo. Lipstiki haigusi mdomo wa mtu, inajaribiwa mgongoni mwa mkono, kwa kijiti.

Shikamoo mama. Karibu. Wapendwa subirini, nina mteja. Ndiyo mama, hii ya mwili, harufu yake nzuri eeh? ... Ya elfu mbili? Nikupimie?

Haya, ameenda kutazama vyombo, atarudi. Mmemsikia: “Nipimie ya elfu mbili.” Hili litakukuta kila Jumamosi. Hapa kwetu mafuta ya kula yanapimwa, sukari inapimwa, mteja hajakosea kuuliza. Lakini losheni usipime. Ukiigawa kwenye vikopo lebo imebaki kwako, tarehe ya mwisho imebaki kwako, na mama yangu yule akiwashwa ngozi hana hata jina la kilichomo la kumwonyesha daktari. Vipodozi tangu mwaka 2019 viko chini ya TBS, shirika la viwango, na kikopo kisicho na lebo huna pa kukitetea. Mimi nina kikapu cha vitu vidogo vya kiwandani: sabuni, mafuta ya mdomo, krimu za mkono za tyubu ndogo, vyote chini ya elfu kumi. Nimemwonyesha sabuni. Usimnyime, mpe kidogo kilichofungwa.

Na ile foili ya mdomoni mwa kopo jipya isichanwe “ili tu anuse”. Kunusa ni kwa testa.

Sasa faundesheni, na nitarudia maneno hadi mchoke. Hatua ya kwanza, muulize kama ngozi yake ina mafuta au ni kavu. Ya pili, futa taya kwa kitambaa chenye maji, paka mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kwenye taya, ikishuka kidogo shingoni. Mkononi hapana, rangi ya mkono na ya uso mara nyingi ni tofauti. Ya tatu, subiri. Nyingi zinakolea zikikauka na kukutana na mafuta ya ngozi. Dakika kama tano, mzungumzishe, muulize watoto. Ya nne: toka nje ya turubai. Narudia, toka naye nje ya turubai, hata kama lako ni jeupe kama langu. Msimamishe kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo anga linaonekana, mpe kioo, halafu ajipige picha kwa simu yake mwenyewe. Mstari usioonekana ndio wake. Foleni imekuwa ndefu? Toka nje. Anasema ana haraka? Mwambie arudi akishamaliza manunuzi, ila usimuuzie chini ya turubai.

Vyombo vya plastiki navyo nauza, na hivi ndivyo vinavyoniletea umati. Jaza maji, bana mfuniko, toa hewa, pindua juu ya kichwa. Watoto wanapiga makofi, mama zao wanasogea. Earl Tupper alipotoa vyombo vyake vya Tupperware Marekani mwaka 1946 havikutoka vizuri madukani, watu hawakuelewa mfuniko unafungwaje. Ni mwanamke, Brownie Wise, aliyevifanya vitoke kwa kuwaonyesha watu majumbani, na mwaka 1951 kampuni ikaviondoa kabisa madukani. Kwa hiyo pindua chombo, usione haya.

Maneno ya mdomoni mwako. Mteja akishika kinywaji cha aloe, akakuuliza, “Hii inatibu sukari? Inashusha presha?” jibu ni hapana, mama, sukari na presha ni hospitali. Kinywaji cha aloe ni kinywaji. Ukianza kusema kinatibu, umekigeuza dawa, na dawa ina wenyewe, TMDA, mamlaka ya dawa. Achana nayo hata kama aliyekuunganisha anasema hivyo kwenye mikutano.

Na usipige kelele za “fursa” mezani. Watu wa Dar hawajasahau DECI, upatu uliosimamishwa mwaka 2009. Mtu aliyekuja kununua sabuni ukimwanzia habari za kujiunga, anaona upatu, anaondoka na sabuni haijanunuliwa. Uza sabuni. Akiipenda, akirudi mara kadhaa, mwenyewe atauliza, “Naipataje kwa bei yako?”

Bei. Tuseme krimu katalogini ni 30,000, wewe unaipata kwa 24,000. Faida 6,000. Toa nauli, ushuru, mfuko, tuseme 1,000 kwa kila kimoja. Umebaki na 5,000. Mteja anasema, “Mwisho ngapi?” ukamshushia 3,000, umebaki na 2,000 kwa kusimama juani kutwa. Mimi bei sishushi, naongeza: pakiti ya majaribio ya bidhaa nyingine, ambayo pia itamrudisha. Katalogi ikibadilika, ya zamani itoe mezani siku hiyohiyo, la sivyo utabishana na bei iliyochapishwa. Malipo, bandika lipa namba kubwa mbele, na subiri ujumbe uingie kwenye simu yako, usiridhike na ujumbe wa kwenye simu yake. Mali kauli kwa jirani wa soko, sawa. Kwa mpita njia, hapana.

Mzigo nao, nunua kwa kufuata daftari, usinunue kwa kukimbizana na pointi za kampuni. Kanuni za WFDSA, shirikisho la dunia la uuzaji huu, zinataka kampuni wanachama zinunue tena kwa muuzaji anayeacha kazi mzigo unaouzika wa ndani ya miezi 12, zikikata si zaidi ya asilimia 10. Angalia kama mkataba wako una kipengele hicho. Na mzigo unaouzika ni ule ambao foili haijachanwa, sasa mnaona kwa nini napiga kelele.

Daftari ndilo hili. Jina, namba, alichonunua, rangi yake, tarehe, na siku ninayokadiria kitaisha. Namba naiomba baada ya malipo, kwa ruhusa yake, namweleza nitampigia kwa ajili gani. Hapa ndipo ilipo pesa, wapendwa. Krimu ya kwanza inalipa turubai na ushuru. Ya pili, anayoiagiza kwa simu akiwa kwake Mbagala, haina jua wala ushuru.

Kufunga: lipstiki kwanza, vyombo mwisho, maana vyombo vinauzika hata gizani. Jumapili jioni natuma ujumbe kwa kila aliyenunua, mfupi tu: “Habari dada, ni mimi wa turubai jeupe Tandika, faundesheni imekaaje?” Wakijibu naandika. Jumatatu napiga kwa ambao vyao vinakaribia kuisha, Jumanne natuma oda. Huyo mama wa sabuni anarudi, ngoja nimhudumie. Maswali yaacheni hapo chini, nitayajibu usiku.