Vuli si Majani

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana wataniwia radhi, naanza tena na neno vuli. Narudia kwa sababu bado naisikia: mzazi yuko hapa Uingereza, majani yanapukutika mbele yake, anamwambia mwanawe, "Tazama, vuli imeingia." Vuli ipi? Mimi nimekulia Tanga. Vuli ni mvua. Inaingia Oktoba, vumbi linalala, watu wanapanda mahindi na kunde.

Najua mtasema kamusi ndivyo ziandikavyo. Sawa, lakini mtoto akishapewa neno hana haja ya kutazama tena. Mimi nasema majira ya kupukutika, na nitawaeleza kwa nini.

Nilikuwa natembea na binti yangu katika bustani iliyo nyuma ya mtaa wetu. Pana mti mkubwa, Waingereza huuita horse chestnut, ule ambao mbegu zake za kahawia watoto huzitoboa, wakazitia kamba na kuzigonganisha. Jani likaanguka. Binti akashika kijitawi pale lilipobanduka, akaniita: "Baba, kuna kwato!" Nikainama. Kweli, alama ya kiatu cha farasi, na ndani yake vitone mfano wa misumari. Vitone vile ndipo ilipopita mirija ya kupeleka maji kwenye jani. Mti umeiziba ndipo ukaliachia. Na juu ya alama, nisikilizeni hapa, palikuwa na tumba la majani ya mwaka ujao, limejifunga, linanata kidoleni. Mwisho wa Oktoba! Siku zikifupika mti huvunja ile rangi ya kijani na kurudisha virutubisho kwenye matawi na shina. Manjano tunayoyasifu yalikuwemo jani lilipokuwa bichi, yamefunikwa tu.

Msinirukie kwamba tumba hilo, kwa kuwa linaahidi kuchipua, ndiyo vuli yenyewe. Litafunguka majira ya kuchipua, baridi ikiisha. Vuli haingoji hivyo, mbegu huota ndani ya wiki.

Jioni ile nilimfungua Keats, mshairi wa Kiingereza, shairi lake la majira haya, alilolitunga tarehe 19 Septemba 1819 baada ya kutembea kando ya mto Itchen, Winchester. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikiwa nimekaa. Safari hii nikaona jinsi anavyojaza matunda, asali na mabua ya shambani, kisha anamaliza kwa mbayuwayu wanaokusanyika angani.

Mbayuwayu nao walitaka saa nzima, na mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: Gilbert White, mchunguzi wa viumbe wa kijiji cha Selborne, Uingereza, aliyechapisha kitabu chake 1789, aliwachunguza miaka mingi na bado alishuku kwamba baadhi yao hujificha humu humu wakati wa baridi. Kumbe huhama: mmoja aliyevishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndege wa gramu 20! Na kwetu Tanga mbayuwayu kutoka kaskazini hujipanga kwenye nyaya za umeme mvua za vuli zinapoanza.

Jumapili saa nne asubuhi, langoni pa bustani. Njooni na watoto, na viatu vya matope.