Maneno mia moja kwa Ona Judge

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi. Nimepewa mada ya vibao vya kihistoria vya barabarani, nami nitazungumzia kimoja tu.

Jimbo la Virginia, huko Marekani, limekuwa likisimamisha vibao hivi tangu 1927: bamba la rangi ya fedha, herufi nyeusi, juu ya nguzo kando ya barabara. Nafasi yake inatosha maneno mia moja hivi. Mwaka 2021 kilisimikwa kimoja karibu na Mount Vernon, shamba la George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, kumuenzi Ona Judge, aliyezaliwa utumwani shambani humo mnamo 1773. Watalii wanaokwenda kumwona bwana sasa wanapishana na habari za mtoro wake.

Ona alikuwa fundi wa sindano kama mama yake, Betty. Ndiye aliyemvisha na kumhudumia Martha, mke wa Washington. Rais alipohamia Philadelphia, jimboni Pennsylvania, mwaka 1790, Ona alikuwa katika msafara. Sasa sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa wa mgeni akikaa humo miezi sita mfululizo, aweza kudai uhuru wake. Washington alifanya nini? Kila miezi sita ikikaribia, watumwa walivushwa mpaka, wakarudishwa, hesabu ikaanza upya. Na mwanya huo ulikuwa umeshazibwa na sheria tangu 1788! Baba wa taifa, jamani.

Mwaka 1796 Ona alijua kwamba angetolewa kama zawadi kwa mjukuu wa Martha. Mabwana zake walikuwa wakifunga mizigo ya kurudi Virginia; naye akifunga yake. Alishatanguliza vitu vyake kwa marafiki zake weusi wa mjini. Mei 21, wao wakiwa mezani wanakula, akatoka. Meli ikampeleka Portsmouth, New Hampshire, na jina la nahodha Ona hakulitaja mpaka nahodha huyo alipokufa.

Tangazo la gazeti liliahidi dola 10 kwa atakayemrudisha. Lilimtaja kuwa na madoadoa usoni, macho meusi sana, nywele nyingi nyeusi, na nguo nzuri za kubadilisha. Kisha likaongeza kwamba hapakuwa na lolote la kumchokoza hata akaondoka. Mimi sentensi hiyo ningeiweka kwenye kibao neno kwa neno, hata kama ingekula nusu ya nafasi.

Wengi huishia hapo: katoroka, kapona. Lakini sehemu nzito inaanzia Portsmouth. Binti wa seneta, rafiki wa familia, alimwona mtaani, habari zikamfikia Washington. Washington akamtumia waziri wake wa fedha, naye akamwandikia mkuu wa forodha wa bandari, Joseph Whipple. Whipple alimwita Ona kwa kisingizio cha kazi, akazungumza naye, na badala ya kumkamata akapeleka jibu lake: atarudi, mradi aahidiwe uhuru mabwana zake wakishafariki. Mtumwa anampa Rais masharti! Washington alikataa katakata. Alisema kumkubalia kungekuwa kumtuza asiye mwaminifu, na wenzake waliostahili zaidi wangenung'unika. Basi alijua kwamba na wengine walikuwa wakiutaka uhuru.

Mwaka 1799 alitumwa mpwa wa Martha. Ona alikuwa ameshaolewa na baharia, Jack Staines, na ana mtoto mchanga. Alimjibu kwamba yuko huru na amechagua kubaki hivyo. Mgeni yule akaropoka mpango wake wa kumchukua kwa nguvu akiwa mezani kwa seneta Langdon, na Langdon akampenyezea Ona habari. Ona akakimbilia Greenland, mji wa jirani.

Washington alipofariki mwaka huohuo, wosia wake uliwaachia huru watumwa wake mwenyewe. Ona hakuwemo: kisheria alikuwa mali ya warithi wa mume wa kwanza wa Martha, na watoto wake watatu vilevile. Alikufa Februari 25, 1848, akiwa bado mtoro kwa mujibu wa sheria. Aliishi kwa taabu. Binti zake wawili walimtangulia kaburini. Katika miaka ya 1840 waandishi wa magazeti walimfuata, wakamuuliza kama anajuta kuiacha nyumba ya Washington. Akasema hapana, yeye yu huru.

Haya, maswali. Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu.